Viatu vya mchuchumio vilipofika Loliondo

Viatu vilipakiwa kwanza, nguo zikafuata. Ndivyo mwalimu mmoja wa shule ya msingi alivyofungasha mizigo yake Kinondoni, Dar es Salaam, alipopata uhamisho wa kwenda Loliondo, wilayani Ngorongoro. Jozi zilikuwa kumi na moja. Kulikuwa na mchuchumio wa rangi tatu, skuna za ibadani, sendozi zenye vito na raba nyeupe ambazo hazikuwahi kuonja tope. Koti lilikuwa moja, jembamba. Sweta hakuna.

Waliomfahamu hawakushangaa. Kwa miaka mingi Jumamosi asubuhi alikuwa akiwahi soko la Karume, wauzaji wa mitumba wanapofungua marobota, ili achague viatu kabla ya wengine. Binti yake wa miaka saba aliyarithi mapenzi hayo. Kiatu chake cha shule kilipigwa rangi kila usiku, na kila asubuhi mlangoni aliagwa kwa onyo lile lile: "Usiniharibie kiatu."

Basi la Loliondo huondoka Arusha alfajiri. Baada ya Mto wa Mbu huiacha barabara kuu ya Karatu na kushika njia ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Vumbi huingia hata madirisha yakifungwa. Mbele husimama Oldoinyo Lengai, volkano ambayo bado iko hai, na upande wa pili hulala Ziwa Natron.

Huko Engaresero, abiria waliposhuka kunyoosha miguu, kisigino cha kiatu cha mwalimu kilizama kwenye udongo wa majivu. Alipiga hatua ya pili mguu ukiwa mtupu, kiatu kikabaki nyuma. Bibi mmoja wa Kimasai alimshika mkono na kumwambia, "Pole, yeyo. Vua tu." Yeyo ni mama kwa Kimasai. Alivua, na majivu yakamuunguza nyayo kwa joto la mchana.

Hakujua kwamba eneo hilo ni mashuhuri duniani kwa sababu ya nyayo. Huko Engaresero zimehifadhika alama zaidi ya 400 za miguu ya watu waliopita maelfu ya miaka iliyopita, wakakanyaga matope ya volkano ambayo baadaye yaligeuka mwamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulichambua kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja. Kwa kupima ukubwa wa nyayo, watafiti waliona kwamba yaelekea 14 kati yao walikuwa wanawake wazima. Walidhani huenda kina mama hao walikuwa kwenye shughuli ya kutafuta chakula.

Wilaya hiyo hiyo ina nyayo kongwe zaidi. Huko Laetoli, mwaka 1978, timu ya mtafiti Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotangulia binadamu, waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Ukitaka kujua historia ya mguu wa binadamu, Ngorongoro ni mahali pa kuanzia.

Kutoka bondeni basi hupanda miinuko kupitia nchi ya Wasonjo, hadi Wasso na Loliondo. Huko juu ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Aliyeshinda akitokwa jasho mchana hutetemeka jioni. Usiku wa kwanza mama na binti walilala wamejifunika kanga zote walizokuja nazo.

Ardhi ya Loliondo haichukui muda kumfundisha mgeni. Kiangazi njia ni mawe na changarawe, na miiba ya migunga huanguka ikielekeza ncha juu. Mvua zikinyesha, udongo mweusi hunata, na kila hatua kiatu huongezeka uzito. Wiki ya kwanza mchuchumio mwekundu ulivunjika kisigino kwenye korongo. Wiki ya pili sendozi zenye vito zilikatika mikanda. Walimu wenzake, ambao kabatini ofisini walikuwa na gambuti zao, walicheka kwa upole na kumpa pole.

Wenyeji wengi huvaa katambuga, yaani kandambili nzito zinazotengenezwa kwa matairi ya magari yaliyochakaa. Fundi humsimamisha mteja juu ya kipande cha tairi, huchora mguu, hukata kwa kisu, kisha hufunga mikanda kwa misumari midogo. Mwiba haupiti kirahisi, na kiatu hudumu miaka. Wakati huohuo, mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alileta sokoni viatu vya MBT vyenye soli iliyopinda. Herufi ya kwanza ya jina hilo inasimama badala ya Wamasai, kwa kuwa aliviuza kwa hoja ya kuiga mwendo wa watu wanaotembea peku. Vikauzwa ghali Ulaya na Marekani. Wamasai wenyewe waliendelea na tairi.

Hata hivyo mwalimu hakubadilika kwa sababu ya visigino vilivyovunjika. Alibadilika kwa sababu ya binti.

Siku moja ya mvua mtoto alirudi nyumbani akichechemea. Viatu vyake vilikuwa mkononi, vikavu, vinang'aa kama vilivyotoka asubuhi. Soksi alikuwa amezikunja ndani yake. Alikuwa ametembea peku njia nzima, akavuka korongo na kichaka, na kisiginoni alikuwa na mwiba uliokatikia ndani. Alipoulizwa kwa nini hakuvaa viatu, alijibu kwa sauti ya mtoto anayetegemea kusifiwa: "Sijaviharibu, mama."

Usiku ule mguu ulivimba. Asubuhi mama alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi alitoa mwiba, akasafisha kidonda, akauliza kuhusu kadi ya chanjo, kwa kuwa kidonda chenye udongo kinaweza kuleta pepopunda. Kadi ilikuwepo na chanjo zilikuwa kamili. Mtoto alipona baada ya siku kadhaa. Lakini maneno yale mawili yalimkaa mama kifuani. Alikuwa amemfundisha mtoto, bila kukusudia, kwamba kiatu kina thamani kuliko mguu.

Mwisho wa mwezi, mama na binti walikwenda gulioni. Walinunua gambuti mbili, soksi ndefu nzito, masweta mawili na raba za mtumba zenye soli ya meno. Binti aliomba pia katambuga. Fundi alipomsimamisha juu ya tairi, alicheka kwa kutekenywa na chaki.

Kwa mzazi anayepanga safari ya Loliondo, Karatu au Ngorongoro na watoto, kabati la mwalimu huyu sasa lina somo. Kiatu cha mtoto kiwe cha kufunga, chenye soli yenye meno, na kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu hukua. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani siku kadhaa kabla ya safari. Nguo ziwe za kuvaa moja juu ya nyingine, ili mchana zipunguzwe na jioni ziongezwe. Anayepitia Serengeti aepuke bluu iliyokolea na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o. Kila asubuhi viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, huenda nge amelala humo.

Usiku, tochi na viatu vilivyofunika mguu ni kinga dhidi ya nyoka. Kifutu hulala kimya njiani wala hakimbii anaposikia hatua. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na wengi huumwa miguuni. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, asitembezwe, awahishwe hospitali.

Mapenzi ya viatu hayajaisha. Mchuchumio mweusi, uliosalia mzima, unakaa ndani ya mfuko wa nguo juu ya kabati. Ikifika harusi Wasso, mwalimu hutoka nyumbani na gambuti, mchuchumio ukiwa mkobani. Hubadilisha mlangoni mwa ukumbi, na gambuti huzipanga pembeni pamoja na za wenzake. Kina mama wa huko wamezoea hivyo, na hakuna anayecheka.

Binti naye hurudi shule na tope hadi magotini. Onyo la mlangoni limekwisha. Jioni, kabla ya kuuliza habari za daftari wala za viatu, mama huweka beseni la maji ya uvuguvugu, hukaa kwenye kigoda, na kusema, "Leta mguu nione."