Ile Laivu ya Nirvana Haikuwa Msiba

Kuna laivu, halafu kuna ile ya Nirvana pale New York. Tarehe 18 Novemba 1993, bendi ya roki iliyozoeleka kwa makelele na kuvunja magitaa iliingia studio za Sony kurekodi kipindi cha MTV Unplugged. Kipindi chenyewe kiliwataka wasanii waweke kelele pembeni, wakae kwenye viti, waimbe watu wawasikie. Huo ndio mtihani, maana ukipunguziwa kelele unabaki na sauti yako tu.

Kurt Cobain alikuwa na miaka 26. Alikaa pale na sweta lake lililochakaa, na steji alitaka ipambwe kwa mayungiyungi na mishumaa myeusi. Mtayarishaji akamuuliza, kama msibani? Akajibu ndiyo, hivyo hivyo.

Aprili 1994 akajiua, akiwa na miaka 27. Albamu ikatoka Novemba mwaka huo huo, ikaingia moja kwa moja namba 1 kwenye chati ya Billboard, na 1996 ikabeba Grammy. Yeye hakuona hata kimoja. Basi toka hapo stori ni ile ile: jamaa alikuwa anaaga. Mtu akiiona ile mishumaa tu anasema, si mnaona, alishajua.

Hebu isikilizwe tena, ila safari hii kifo kiwekwe pembeni. Jamaa anatania kati ya nyimbo, watu wanacheka. Kabla ya wimbo wa David Bowie anaonya kabisa kwamba ataukosea, halafu anaupiga mpaka leo kuna wanaodhani ni wake. Kati ya nyimbo 14, 6 ni za watu wengine. Ile hiti yao kubwa, Smells Like Teen Spirit, hakuigusa kabisa. Waandaaji walitamani wageni wenye majina makubwa, yeye akawapandisha steji ndugu wawili wa Meat Puppets, ambao wengi hawakuwajua, wakapiga nao nyimbo 3 zao. Huyo ni fundi yuko kazini, tena anashika mkono wenzake.

Sio kwamba alikuwa sawa. Maumivu ya tumbo yalimsumbua miaka mingi, na heroini ilishamkamata, hayo yanajulikana. Ila mgonjwa sio marehemu. Usiku ule alikuwa hai, na bado ilibaki miezi karibu mitano. Tukisema alishajua, ni kama tunasema hakukuwa na cha kufanya, kifo kilishapangwa, na mashabiki kazi yao ilikuwa kupiga makofi tu.

Na mchezo huu bado upo. Mtu anaposti maneno mazito saa nane usiku, anapata laiki kibao na vimoyo, "umeandika kinoma", basi. Hakuna anayempigia. Yakishatokea ya kutokea, kila mtu anazifukua posti zake na kusema dalili zilikuwepo. Kama zilikuwepo, simu ilikuwa wapi?

Pesa nazo zilikuja kwa kuchelewa. Lile sweta liliuzwa mnada mwaka 2019 kwa dola 334,000, bila hata kufuliwa. Mwaka uliofuata gitaa alilopiga usiku ule likaenda kwa dola milioni 6.

Wimbo wa mwisho ni wa zamani sana, aliujua kupitia kwa Lead Belly. Anaanza taratibu, mwishoni sauti inapasuka kabisa, kisha kimya kidogo, anavuta pumzi, anamaliza. Waandaaji wakamuomba aongeze nyingine, akakataa. Hakuona kama anaweza kupiga kitu kikazidi kile.

Ile pumzi inasikika vizuri ukiweka hedifoni. Ni ya mtu aliye hai.