Wale wasio na kinywa ndani ya Ziwa Kivu



Sisi watu wa kando ya Kivu tunapenda kusema: «Maji yetu iko safi, tunaona mpaka chini.» Lakini katika sentimeta kubiki moja ya maji ya ziwa, bakteri zinaweza kufika karibu 1.000.000! Zinakula nini? Hazina kinywa, hazina meno, hazina tumbo.

Zinakula kile kilichoyeyuka. Tukitia sukari ndani ya chai hatuiyone tena, lakini iko. Ni vile hata ku ziwa: majani madogo ya maji yanatoa sukari kidogo kidogo, wanyama wanatoa uchafu wao, na mvua inashusha vya milimani. Vitu vidogo, kama vile sukari, vinapita katika ngozi ya bakteri kwa milango yake. Vitu vikubwa, kama vile wanga, havipite. Basi bakteri inatoa enzimu, nazo zinavikata inje, kisha inaingiza vipande. Sisi tunakula kwanza, tumbo linasaga nyuma. Yeye anasaga kwanza, anakula nyuma. Mama akiloweka mihogo, ile kulainika na ile harufu ni kazi ya bakteri pia.

Je, kuna faida? Ndiyo. Hakuna samaki anayeweza kukamata sukari iliyoyeyuka. Bakteri inaiokota, vinyama vidogo sana vinakula bakteri, vingine vikubwa kidogo vinakula vile, na sambaza anakula hivi. Huyu sambaza aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Basi sehemu ya ile sukari iliyopotea inarudi ku sahani yetu pamoja na bugari.

Lakini tuangalie. Bakteri nyingi zikila zinatumia oksijeni, sawa sisi tunavyopumua. Tukitupa uchafu mwingi fasi moja pa kivuko, zitaongezeka, oksijeni itapunguka, na samaki watakimbia ao watakufa. Tena, katika uchafu wa watu munaweza kuwa bakteri ya kolera. Goma iliona hayo mwaka 1994, makumi ya maelfu ya wakimbizi walipokufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Kwa hiyo, wandugu, tusiamini macho peke yake. Choo kikae mbali na maji, uchafu uingie shimoni, na maji ya kunywa yachemke kwanza.