Namba ya Marehemu

Shangazi yangu analima mwani Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kikundi chao cha akina mama kiliponiomba programu ya mauzo, nikajiona fundi kweli. Tovuti niliijenga kwa Laravel, hesabu za malipo nikaziweka kwenye programu ya pembeni iliyoandikwa kwa Go, na ili mbili hizo zizungumze nikatumia gRPC, ile waliyoitoa Google mwaka 2015. Unaandika faili moja tu, la mkataba. Humo unataja huduma na ujumbe wake, halafu programu iitwayo protoc inakuzalishia kodi ya PHP. Kodi hiyo huigusi kwa mkono. Ukiirekebisha leo, kesho ukizalisha upya inafutika. Mfasiri gani angekubali masharti hayo?

Majina niliyachagua kwa mapenzi: uzito_mbichi, uzito_mkavu. Kumbe majina hayasafiri. Kinachosafiri ni namba uliyoipa kila sehemu, basi. Mbichi ilikuwa 3, mkavu 4. Siku moja nikaona mpangilio haupendezi, nikazibadilisha namba, nikazalisha upya upande wa PHP. Upande wa Go nikausahau. Kwa kuwa zote mbili ni tarakimu za aina moja, mashine haikulalamika hata kidogo.

Aliyelalamika ni shangazi.

“Mwanangu, hizi kilo 80 za mkavu nimezitoa wapi? Themanini nilipima mbichi. Mkavu haukufika hata 20.”

Siku hiyo ni yeye peke yake aliyeleta mzigo. Wenzake walishaiona orodha, na wawili walikuwa hawamsemeshi.

Nilipomweleza habari za namba, alinyamaza, akaenda kuleta daftari la kikundi. Kila mwanachama ana namba yake. Yeye ni wa 7. Mstari wa 3 ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu.

“Huyu alifariki. Namba yake hatumpi mtu. Tukimpa mgeni, si atadaiwa madeni ya marehemu?”

Kwenye faili la mkataba kuna neno la kazi hiyo hiyo, reserved. Nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza, nikalidharau. Usiku ule nikazistaafisha 3 na 4, nikatoa 9 na 10, nikazalisha pande zote mbili.

Asubuhi nikamsindikiza shangazi kwa wale wawili, orodha mpya mkononi. Mmoja alitukaribisha chai. Wa pili alisema atafikiria.