Kwanza Zuia Damu

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki twaijua desturi yetu: ajali ikitokea, majeruhi hupakiwa kwenye gari lolote lililo karibu na kukimbizwa hospitali. Tulipofika Minnesota na kuona magari ya wagonjwa yenye kila chombo, tuliionea aibu desturi hiyo.

Tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya 35W liliporomoka katika Mto Mississippi, hapa Minneapolis. Watu 13 walifariki na 145 walijeruhiwa. Hata hapa, baadhi ya majeruhi walifikishwa hospitali kwa pikapu.

Mwaka 2008 ulitolewa utafiti wa Ontario, Kanada, juu ya majeruhi 2,867. Kabla wahudumu hawajafundishwa utaalamu wa juu, kama kutia mpira wa kupumulia kooni na dripu, walipona asilimia 81.8, baada ya mafunzo hayo, 81.1. Anayevuja damu ndani ya mwili humhitaji daktari wa upasuaji, na kila dakika barabarani humchelewesha.

Basi tusijidharau, wala tusijidanganye: aliyevunjika mgongo hafai kutupwa garini. Wengi wetu husita kupiga 911 kwa kuogopa bili. Tupige kwanza, bili tutachangiana kama tunavyochangiana misiba. Kisha tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, hadi wafike. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.