Maji Yanaposogeza Mpaka



Wiki hii tunawaalika kutafakari pamoja nasi maisha ya vijiji vidogo vilivyo ukingoni mwa Mto Mara, kama Bisarwi wilayani Tarime, mahali ambapo mto hupotelea katika mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Huko pwani bahari hujaa na kupwa kila siku. Kwetu kujaa na kupwa huchukua miezi, pengine miaka. Mvua ikinyesha milima ya Mau nchini Kenya, maji hupita Serengeti na kutufikia. Nalo ziwa likijaa, mto hukosa pa kwenda, hutapakaa mashambani. Mwaka 2020 ziwa lilipita hata kimo cha mwaka 1964.

Maji yakirudi nyuma huacha udongo wenye rutuba. Mkulima huyafuata kwa jembe, mchungaji kwa ng'ombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni sheria njema, kwani mafunjo hupunguza kasi ya maji na kuyachuja. Lakini ukingo wenyewe hausimami mahali pamoja. Hivyo familia isiyo na shamba la juu hubanwa na maji, na sheria, na ua wa jirani.

Kumbukumbu la Torati (19:14) chakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Tumezoea kuisoma amri hiyo kama ngao ya mali yetu, na hapa Mara damu imekwisha kumwagika kwa ajili ya mipaka. Hata hivyo, kitabu hichohicho (15:11) chatuamuru kumfumbulia maskini mkono. Amri ya mpaka iliwekwa ili mnyonge asinyang'anywe urithi wake. Je, anaponyang'anywa na maji, sisi tulio mlimani tutajificha nyuma ya amri hiyohiyo?

Tunaziomba Jumuiya Ndogondogo zilizo juu zijiulize: ni nani kati yetu awezaye kumwazima jirani kipande cha shamba kwa msimu mmoja, mbele ya mashahidi, bila kudai nusu ya mavuno? Tusimwachie mwenyekiti wa kijiji peke yake mzigo huu.

Ee Bwana, utupe moyo mpana kuliko mashamba yetu. Amina.

Tunawatakia Dominika njema.