Kilo Kwanza

Nilipoanza kuandika nilitaka kupigiwa makofi. Insha ya Kiswahili katika mtihani wa darasa la nane ilikuwa na alama 40, na sisi watoto wa Mathira, ambao bahari tuliijua kwa picha tu, tuliijaza mawimbi na majahazi. Mwalimu akiisoma yangu mbele ya darasa, nilishinda siku nzima nimeshiba.

Aliyenitoa huko ni guka, yaani babu yangu. Kiswahili chake alikiokota kwenye mashamba ya walowezi upande wa Nanyuki, nacho hakikuwa na mapambo. Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na malipo ya wakulima wa kwetu yakawa ya kusubiriwa tu. Guka akanikalisha na bunda la risiti tuandikie chama cha ushirika. Nikaanza, "Kwa moyo mzito uliojaa simanzi..." Akanikatiza.

"Andika kilo kwanza, kilio baadaye."

Tukaandika nambari yake ya uanachama, tarehe, kilo, pesa alizolipwa na zilizobaki. Barua ikawa fupi kama orodha ya kutumwa dukani. Haikujibiwa. Hata hivyo, katika yote niliyoandika utotoni, ni nakala ile tu ninayoipenda hadi leo.

Baadaye niliandikia magazeti kwa sababu ya karo ya watoto na kodi ya nyumba Nyeri mjini. Hiyo ni sababu halali, wala haihitaji falsafa.

Ukubwani ndipo nikamsoma Gakaara wa Wanjaũ, ambaye alikuwa na kiwanda chake cha uchapishaji papo hapo Karatina, mji tuliokwenda kuuza viazi siku za soko. Wakoloni walimkamata mwaka 1952, na kizuizini akaweka shajara. Ilitoka kama kitabu kwa Kikuyu mwaka 1983. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Watu humsifia ujasiri, na ni haki yake. Mimi nilishikwa na tarehe zake: mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado anaandika leo ni siku gani. Nilimsikia guka mle.

Siku hizi kazi inayonijia zaidi ni wasifu wa marehemu, ule wa kuchapishwa kwenye kijitabu cha mazishi. Familia huja usiku, wamechoka, wakiwa na sentensi moja: alikuwa mcha Mungu na mwenye upendo. Sibishi. Ila nauliza alikuwa na miche mingapi ya kahawa, alilipia nani karo, alianza lini kwenda soko la Karatina. Mara nyingi wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo marehemu anapoanza kuonekana. Nimeandika makala nyingi zenye jina langu juu, lakini ukiniuliza leo naandikia nini, nitakuonyesha vijitabu hivyo, ambavyo jina langu halimo.

Kwa wasifu silipishi. Ila mkija, njooni na risiti.