Usimkimbize Kereng'ende

Kila wiki mtu ananiuliza: "Unatumia kamera gani?" Wasee, ni simu tu, na kalenzi kadogo ka kubana juu yake. Kinachosaidia ni kumjua mdudu.

Chukua kereng'ende. Hapa Butere utampata kando ya mto. Ukimkimbiza, ameenda. Lakini wengi wana kijiti chao: anaruka, anawinda, anarudi palepale. Basi lenga kijiti, usimlenge yeye. Funga fokasi hapo, weka shata 1/2000 jua likiwa kali, halafu tulia. Akirudi, piga mfululizo. Nyingi zitatoka ukungu; moja safi inatosha.

Kipepeo naye mtafute saa kumi na mbili asubuhi. Kabla jua halijampasha joto, hawezi kuruka, kwa hivyo una muda wa kusogea. Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba kama karatasi, so shika simu sambamba na mabawa. Na usimtupie kivuli. Akianza kutetemesha mabawa, kidole kiwe tayari.

Mimi niliacha chuo karo iliposhinda, na bado kuna watu mtaani wanasema napoteza muda na wadudu. Sawa. Lakini ni mtoto gani wa huku hajui kumbikumbi hutoka baada ya mvua na kufuata taa? Tumesomea hayo tangu utotoni, na hakuna duka Nairobi linaloyauza. Usingoje kamera. Anza na unachokijua.